Sura ya 5: Je, Sindano ya Miezi Mitatu Inaleta Ukimwi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mwishoni, baada ya mengine yote kwisha. Mwanamke wa Kashai, kata yenye msongamano wa watu katika Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera, anapokwenda kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango huwa amekwisha kusikia mengi sokoni, kwa wifi yake, kwa mama mkwe. Ameambiwa sindano inakausha kizazi. Ameambiwa damu ya hedhi isiyotoka inarundikana tumboni. Na kubwa kuliko yote, ameambiwa kwamba sindano inamfungulia mlango virusi vya Ukimwi.

Kagera si mahali pa kulicheka swali hilo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Ugonjwa ulikuwa bado hauna jina kwa wenyeji, watu wakauita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Vijiji vya Bukoba na Muleba vilizika vijana, na mabibi wakabaki kulea wajukuu katika vibanja vilivyokuwa na nguvukazi ya watoto wao. Mwanamke aliyekulia katika nyumba kama hiyo akiuliza kama sindano inaleta Ukimwi, anauliza jambo zito.

Tena si yeye peke yake aliyeuliza. Mwaka 2011 watafiti waliofuatilia jozi 3,790 za wenzi, ambao mmoja wao alikuwa na VVU na mwingine hana, katika nchi saba za Afrika zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, walitangaza kwamba wanawake waliotumia njia za homoni, hasa sindano, walionekana kuambukizwa mara mbili zaidi ya wasiozitumia. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliitisha wataalamu mapema mwaka uliofuata. Ubishi uliendelea kwa miaka saba.

Kuelewa ulivyokwisha kunahitaji kwanza kujua homoni hizi hufanya nini hasa ndani ya mwili wa mwanamke. Kazi yao mojawapo kubwa, ambayo haisemwi kliniki, ni kuamua lini moto uwashwe katika via vya uzazi na lini uzimwe.

Moto unaohitajika

Ukichomwa na mwiba ukipalilia migomba, baada ya saa chache pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na kuuma. Mambo hayo manne kwa pamoja huitwa inflamesheni. (Tusiichanganye na uvimbe wa kudumu kama faibroidi, huo ni nyama iliyoota.) Mwili umetambua hatari, umefungua mishipa midogo ya damu, na seli nyeupe, yaani askari wa mwili, zinamiminika mahali hapo kuua vijidudu na kusafisha uchafu. Kazi ikiisha moto unazimwa na ngozi inafunga.

Mwenyeji wa Bukoba anaujua moto wa namna hii kwa njia nyingine. Ndizi za rubisi, ile pombe ya ndizi, huivishwa kwa joto. Joto likikosekana zinabaki ngumu, hazitoi juisi. Likizidi au likikaa muda mrefu mno, zinaoza. Mtengenezaji mzuri anajua siku ya kuziondoa. Inflamesheni nayo ni jambo la kipimo na wakati.

Katika mguu moto huo ni ajali. Katika via vya uzazi uko kwenye ratiba. Yai hutoka kwa kupasua ukuta wa kifuko chake ndani ya ovari, na kupasuka huko ni inflamesheni ndogo. Mimba changa ikijishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, seli nyeupe hukusanyika. Hedhi ni inflamesheni, na uchungu wa kujifungua ni inflamesheni. Hakuna sehemu nyingine ya mwili wa mtu mzima inayowashwa na kuzimwa mara nyingi hivi bila kuwa mgonjwa, na hilo peke yake lingetosha kutufanya tuuheshimu mwili wa mwanamke zaidi ya tunavyoufundisha shuleni.

Ukoo wa steroidi

Homoni ni ujumbe wa kemikali unaosafiri ndani ya damu kutoka kiungo kimoja kwenda kingine. Ziko za namna nyingi. Zile zinazotuhusu hapa huitwa steroidi, na zote hutengenezwa kutokana na kolesteroli, mafuta yaleyale tunayoambiwa tuyaogope yakizidi.

Wanne wa ukoo huo ni muhimu kwetu:

- Estrojeni, inayotoka zaidi kwenye ovari. Hujenga na kunenepesha kuta za mfuko wa uzazi na uke.
- Projesteroni, inayotoka kwenye ovari baada ya yai kutoka, na baadaye kwenye kondo la nyuma. Hutuliza.
- Testosteroni, ya korodani kwa wingi, na kidogo kwa wanawake. Kwa mwanamume nayo husaidia kutuliza inflamesheni ndani ya korodani, ili askari wa mwili wasizishambulie mbegu.
- Kotisoli, inayotoka kwenye tezi ndogo zilizokaa juu ya figo. Ni mzimaji mkuu wa inflamesheni mwili mzima.

Steroidi ni ndogo na zina asili ya mafuta, kwa hiyo hupenya hadi ndani ya seli. Huko kila moja hujishikiza kwenye kipokezi chake, yaani protini iliyoumbwa kuipokea, na kwa pamoja huingia kwenye kiini cha seli na kuamuru sehemu fulani za vinasaba ziamke au zilale. Projesteroni na kotisoli hulaza sehemu zinazotengeneza kemikali za kuita seli nyeupe. Ndiyo maana matokeo yake huja taratibu, kwa saa na siku.

Sasa, hawa ni ndugu na wanafanana sura. Kipokezi cha mmoja kinaweza kumpokea mwingine kwa makosa. Dawa iliyomo kwenye sindano ya miezi mitatu, medroksiprojesteroni, imetengenezwa kuiga projesteroni, lakini inaingia pia kwenye kipokezi cha kotisoli. Homoni iliyomo kwenye baadhi ya vijiti vya mkononi, levonojestreli, haifanyi hivyo kwa kiasi cha kuhesabika. Tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya wanasayansi waishuku sindano kuliko vijiti.

Siku ambayo projesteroni inaondoka

Katika nusu ya kwanza ya mwezi estrojeni hupanda na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hunenepa. Yai likishatoka, projesteroni huingia. Ukuta huacha kukua, hujiandaa kupokea mimba, na seli nyeupe zilizomo hutulizwa ili zisiione mimba kuwa adui. Mimba isipotunga, baada ya wiki mbili hivi ovari huacha kutoa projesteroni.

Kizuizi kikiondoka, mambo hufuatana haraka. Seli za ukuta huanza kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazobana misuli na mishipa ya damu. Seli nyeupe humiminika. Vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja vitu, huyeyusha nyuzi zilizoushika ukuta. Mwaka 1940 mtafiti wa Kimarekani, Joseph Markee, alieleza alichokiona baada ya kupandikiza vipande vya ukuta huo ndani ya macho ya kima, mahali ambapo angeweza kuvitazama siku baada ya siku: mishipa midogo iliyojisokota ilijibana kwanza, ukuta ukakosa damu, kisha ukabomoka na kuvuja. Hiyo ndiyo hedhi.

Maumivu yake yanatokana kwa sehemu kubwa na prostaglandini. Wasichana wanaozitengeneza kwa wingi hupata misuli ya mfuko inayojikaza kwa nguvu, na kemikali zile zikiingia kwenye damu huleta kichefuchefu na kuharisha. Msichana wa sekondari anayejikunja dawatini hajidekezi. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia utengenezaji wa prostaglandini, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel. Kutokana na hilo tunajua kwa nini ibuprofeni hufanya kazi vizuri ikimezwa maumivu yanapoanza tu, baada ya kula, kuliko kusubiri hadi yamekolea: dawa huzuia prostaglandini mpya na haina uwezo wa kufuta zilizokwisha kutoka. Mwenye vidonda vya tumbo au mjamzito asiimeze bila kumwona mhudumu wa afya.

Kisha moto huzimika. Ndani ya siku chache ukuta uliokuwa jeraha wazi hupona bila kuacha kovu, kotisoli ikisaidia na estrojeni ikianza upya.

Pale usipozimika ndipo ugonjwa unapoanza. Endometriosisi ni hali ambayo tishu zinazofanana na ukuta wa mfuko wa uzazi huota nje yake, kwenye ovari, kwenye mirija, nyuma ya mfuko. WHO inakadiria inawagusa takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Tishu hizo hujitengenezea estrojeni yake, na zinakuwa sugu kwa projesteroni. Amri ya kutulia inakuja lakini haisikilizwi. Inflamesheni inakaa mwaka mzima, viungo vinagandana, na mwanamke anaambiwa maumivu ni sehemu ya uanamke wake. Hapana. Maumivu yanayomzuia kwenda shule, shambani au kazini kila mwezi, na yasiyotulizwa na dawa ya kawaida, ni ya kupelekwa hospitali.

> Kwa ufupi: Projesteroni ikiwepo, inflamesheni ya mfuko wa uzazi inazuiwa. Ikishuka, inaachiliwa, na hedhi inatoka. Sindano humpa mwanamke projesteroni ya kuigwa kwa miezi mitatu mfululizo, ukuta unabaki mwembamba, na kwa sababu hakuna mshuko hakuna cha kubomoka. Damu hairundikani tumboni. Haikutengenezewa ukuta wa kutokea. Baada ya mwaka mmoja, takriban nusu ya watumiaji hawapati hedhi kabisa.

Kuhusu kukausha kizazi, hilo nalo lina jibu. Uzazi hurudi, ila huchelewa: mara nyingi miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, wengine zaidi. Anayetaka mimba karibuni achague njia nyingine.

Mimba, na mkonge wa Afrika Mashariki

Mimba ni miezi tisa ya projesteroni nyingi. Kondo la nyuma huitoa bila kukoma ili misuli ya mfuko ilale na seli nyeupe zimvumilie mtoto ambaye nusu yake ni ya baba. Mwishoni projesteroni ya mwanamke haishuki kwenye damu kabla ya uchungu, kama inavyofanya kwa mbuzi au kondoo. Kinachobadilika ni vipokezi, seli zinaacha kuisikiliza. Prostaglandini hurudi, shingo ya kizazi hulainika, uchungu huanza. Maambukizi ya mkojo au ya uke yanaweza kuuwasha moto huohuo kabla ya wakati, na mtoto akazaliwa njiti. Kwa hiyo mjamzito mwenye maumivu ya mkojo asiambiwe avumilie.

Daktari wa Kimarekani Philip Hench aliona katika miaka ya 1930 kwamba wanawake wenye ugonjwa mkali wa viungo hupata nafuu wakishika mimba. Akaanza kutafuta kitu gani mwilini mwao kinachozima. Msako huo ulimfikisha yeye na mkemia Edward Kendall kwenye kotisoni, ndugu wa kotisoli, waliyompa mgonjwa wa kwanza Septemba 1948. Miaka miwili baadaye walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Tadeus Reichstein.

Dunia ikaitaka dawa hiyo kwa wingi, na malighafi ilikuwa haba. Uingereza iliipata Afrika Mashariki: katika maji ya majani ya mkonge, yaliyokuwa yakimwagwa baada ya nyuzi kutolewa, kuna hekojenini, kemikali ya mmea ambayo umbo lake liko karibu na steroidi, na kampuni ya Glaxo iliitumia kutengenezea dawa za aina ya kotisoni. Watu wetu walikata mkonge kwa ujira mdogo bila kuambiwa kwamba ndani ya taka zake kulikuwa na malighafi ya dawa ya maumivu ya viungo vyao wenyewe.

Nguvu hiyo ya kuzima ina gharama. Dawa za jamii ya kotisoli, kama deksamethasoni, zinazonunuliwa dukani bila cheti ili mtu anenepe, hulaza askari wa mwili dhidi ya kila kitu, pamoja na kifua kikuu. Zisimezwe ovyo.

Mlango wa VVU

VVU huishambulia hasa seli nyeupe ya aina ya CD4. Ukuta wa uke wenye afya una tabaka nyingi, na estrojeni huzijaza sukari inayolisha bakteria wazuri. Bakteria hao hutoa asidi inayozuia vijidudu vingine. Katika hali hiyo seli za CD4 karibu na uso ni chache na virusi vinapata taabu kupenya.

Kisonono, klamidia, trikomonasi au kuharibika kwa bakteria wazuri huleta inflamesheni. Ukuta unapata michubuko isiyoonekana, na askari wanaitwa. Lakini askari wanaokuja ni zile CD4 zenyewe. Mwili unavipelekea virusi chakula chake mlangoni. Mwanamke anaweza kuwa katika hali hiyo bila dalili yoyote. Kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au majani ya kubana uke huongeza madhara, kwa kuwa huua bakteria wazuri na kuchubua.

Kanda ya Ziwa ilitoa ushahidi mkubwa wa jambo hili. Kati ya 1991 na 1994, mkoani Mwanza, watafiti walilinganisha jamii 12. Katika sita, wahudumu wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya ngono na dawa zikahakikishwa. Maambukizi mapya ya VVU huko yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Katika utafiti mwingine wa Rakai, ng'ambo ya mpaka wa Kagera, watu wazima wote wa vijiji vilivyochaguliwa walipewa dawa kila baada ya miezi 10, na VVU havikupungua. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba Mwanza mgonjwa alitibiwa alipougua, siku yoyote, na janga lilikuwa bado changa, ilhali Rakai lilikuwa limekwisha kuenea. Mimi naona fundisho la Mwanza lilistahili kuheshimiwa zaidi katika bajeti za zahanati zetu.

Sasa rudi kwenye sindano. Huzuia estrojeni ya ovari isipande, na dawa yake huingia kwenye kipokezi cha kotisoli. Mwaka 1996 watafiti waliripoti kwamba kima waliowekewa projesteroni walipata ukuta mwembamba wa uke na kuambukizwa kirahisi zaidi virusi vya jamaa ya VVU. Hofu ilikuwa na mantiki. Lakini kiwango cha dawa, mnyama na maisha ya mwanamke halisi ni vitu tofauti. Na utafiti wa wenzi wa 2011 ulikuwa na udhaifu usioepukika: waliochagua sindano huenda walitumia kondomu mara chache kuliko wengine.

Jibu lilivyopatikana

Njia ya haki ilikuwa kuwapangia wanawake njia ya uzazi wa mpango kwa bahati nasibu, kwa ridhaa yao, na kuhesabu. Utafiti huo, ulioitwa ECHO, ulianza Desemba 2015 katika vituo 12 vya Afrika Kusini, Eswatini, Zambia na Kenya, ambako kituo kilikuwa Kisumu, kwenye Ziwa Victoria hilihili letu. Waliingia wanawake 7,829 wa umri wa miaka 16 hadi 35. Theluthi walichomwa sindano ya miezi mitatu, theluthi waliwekewa kijiti, theluthi kitanzi cha shaba kisicho na homoni yoyote.

Matokeo yalitoka Juni 2019. Katika kila wanawake 100 kwa mwaka mmoja, walioambukizwa VVU walikuwa 4.19 kwa sindano, 3.94 kwa kitanzi na 3.31 kwa kijiti. Tofauti hizo hazikuwa kubwa kiasi cha kusema njia moja ni ya hatari kuliko nyingine. Kitanzi kisicho na homoni kilikuwa karibu sawa na sindano. Agosti mwaka huohuo WHO ilitangaza kwamba mwanamke aliye katika hatari kubwa ya VVU anaweza kutumia njia zote hizi bila kizuizi.

Basi, mama wa Kashai: sindano haileti Ukimwi, na ushahidi bora tulio nao hauonyeshi kwamba inamfungulia virusi mlango kwa kiasi cha kumfanya mtu aiache. Wala haimkingi na VVU. Kondomu ndiyo inayozuia mimba na VVU kwa pamoja.

Lakini itazame tena ile hesabu. Wanawake hawa walishauriwa na kupewa kondomu, na bado karibu 4 katika kila 100 waliambukizwa kila mwaka, jumla yao 397. Miaka yote tulikuwa tukiitazama sindano, na hatari ilikuwa kitandani, kwa mwenzi asiyepimwa na ugonjwa wa ngono usiotibiwa. Chumba cha uzazi wa mpango ndicho mahali ambapo mwanamke kijana asiyeumwa hufika kwa miadi, mara nne kwa mwaka. Kumchoma na kumwambia aende ni kupoteza nafasi hiyo. Anapaswa:

- kupimwa VVU, na mwenzi wake kualikwa;
- kuulizwa kwa adabu, faraghani, kuhusu uchafu usio wa kawaida, harufu, muwasho au maumivu wakati wa tendo;
- kutibiwa siku hiyohiyo, na mume naye atibiwe, kwa kuwa ugonjwa utarudi kutoka kwake;
- kuelezwa kuhusu dawa za kujikinga na VVU, ambazo wahudumu huziita PrEP, kama yuko katika hatari.

Na akiwa na maumivu chini ya kitovu pamoja na homa, asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Maambukizi yaliyopanda hadi kwenye mirija ya uzazi huacha makovu kila siku yanapokaa bila dawa, na makovu hayo, tofauti na jeraha la hedhi, hayafutiki.